Goti Lililoinua Gunia

Mwaka 1989, nikiwa na umri wa miaka tisa, nilianza kuamka usiku wa manane ili kusikiliza kama mama yangu bado yumo ndani ya nyumba. Niliogopa kwamba parapanda imelia nikiwa usingizini, kwamba mama amenyakuliwa pamoja na watakatifu, na mimi nimeachwa peke yangu katika nyumba yetu ya Mwanza nikiisubiri ghadhabu ya Mungu. Nilikuwa nikisimama gizani karibu na mlango wa chumba cha wazazi wangu, nyayo zangu zikiwa juu ya sakafu ya baridi, mpaka nimsikie akikohoa au akijigeuza kitandani, ndipo nirudi kulala. Hali hiyo iliendelea kwa miezi kadhaa na sikumwambia mtu yeyote, kwa kuwa kusema kungekuwa kukiri kwamba najijua simo miongoni mwa watakaokwenda.

Hofu hiyo niliipata uwanjani, katika mkutano wa injili uliochukua siku saba. Kulikuwa na jukwaa la mbao, jenereta iliyonguruma nyuma yake, na vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo hivi kwamba hata waliobaki majumbani hawakuweza kukwepa. Mhubiri alikuwa na kipaji kikubwa. Alilieleza ziwa la moto kama mtu aliyewahi kusimama kwenye ukingo wake: funza wasiokufa, kiu isiyopata hata tone la maji, kilio na kusaga meno. Usiku wa tano alianza kuzitaja dhambi zinazowapeleka watu huko, akataja hereni, suruali kwa wanawake, nywele zilizotiwa dawa, na muziki wa kidunia. Kisha waliletwa vijana wawili wenye karai la bati, nao wanawake wakajipanga mstari kuvua vito vyao. Nilikuwa nimekaa chini, karibu kabisa na jukwaa, na mlio wa hereni zikidondoka kwenye bati ninaukumbuka mpaka leo. Dada mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi ili kuwalea wadogo zake watatu, alilia kwa uchungu kiasi kwamba hakuweza kuifungua hereni ya sikio la kushoto, ikabidi mwenzake amsaidie.

Mbele yetu, chini ya turubai, kulikuwa na safu ya viti vya wageni waalikwa. Katika kimoja aliketi tajiri wa mitumbwi ambaye mtaa mzima ulijua kwamba vibarua wake walirudi kutoka ziwani na kukaa wiki tatu bila kulipwa. Alikuwa akiitikia "Amina" kwa sauti. Katika usiku wote saba, haikutajwa dhambi hata moja ambayo ingemfanya ajisogeze kwenye kiti chake.

Nayaandika haya nikiwa Mkristo ninayeamini hukumu ya Mungu, na si kwa nia ya kuwashambulia wanaohubiri habari za jehanamu. Wapo wasomaji ambao kwao mahubiri ya moto ni ushamba wa kuachwa nyuma, na wangependa nimalizie kwa kusema kwamba Mungu ni upendo tu. Siwezi kusema hivyo. Ukoo wetu ulibadilishwa na mahubiri ya moto, kama nitakavyoeleza, na Mungu ambaye hakasiriki mjane anapopunjwa jasho lake sijui ningemwombea nini. Ninalolisema ni kwamba mahubiri ya ghadhabu yapimwe kwa dhambi yanazozitaja. Mhubiri anaweza kuwa na moto wote wa mbinguni na akauelekeza mahali pasipo na kitu cha kuungua.

Mfano mkubwa kuliko yote niujuao ni wa Jonathan Edwards. Tarehe 8 Julai 1741, mchungaji huyo wa Northampton katika koloni la Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 37, alisimama kuhubiri katika mji wa Enfield, ambao uamsho uliokuwa ukiwaka katika miji ya jirani ulikuwa haujaugusa. Andiko lake lilitoka Kumbukumbu la Torati 32:35, pale penye maneno juu ya miguu itakayoteleza wakati wake ukifika. Hakuwa mtu wa kupiga kelele wala kurusha mikono. Alikuwa na sauti ya kawaida na maandishi mbele yake. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba wanatembea juu ya shimo la moto kwa kukanyaga kifuniko kilichooza, na mahali palipooza hapaonekani. Aliwaambia kwamba upinde umekwisha kuvutwa na mshale umeelekezwa moyoni, na kwamba ghadhabu ni kama maji mengi yaliyozuiliwa kwa boma, yanayozidi kujaa kila siku. Akawaambia pia kwamba Mungu anawashikilia juu ya shimo kama mtu anavyomshikilia buibui juu ya moto, na kwamba hakuna kinachowazuia kuanguka dakika hiyo hiyo isipokuwa mkono ule ule wa yule waliyemkasirisha.

Mchungaji Stephen Williams, aliyekuwepo, aliandika katika shajara yake kwamba kabla mahubiri hayajaisha nyumba nzima ilijaa kilio, watu wakiuliza wafanye nini wapate kuokoka na wakisema wanakwenda jehanamu, hata mhubiri akalazimika kunyamaza. Mahubiri hayo, yaitwayo kwa Kiswahili "Wenye Dhambi Mikononi mwa Mungu Aliyekasirika", yalichapwa Boston mwaka huo huo. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba Edwards alikuwa amekwisha kuyahubiri kanisani kwake Northampton mwezi mmoja kabla, na hapakutokea kilio kama hicho.

Nimeyasoma mahubiri hayo mara nyingi na bado yananitetemesha. Lakini soma ukitafuta dhambi zenyewe. Utaikuta hali ya moyo usiozaliwa upya, utaukuta uasi wa mwanadamu dhidi ya Muumba wake, utakuta dini ya nje isiyo na badiliko la ndani. Hayo ni makubwa na ni ya kweli. Matendo mahususi, ya mtu na jirani yake, ya mnunuzi na muuzaji, hayamo kwa kiasi ambacho mtu angetegemea.

Mwaka 1731, miaka 10 kabla ya Enfield, Edwards alikuwa Newport, Rhode Island, bandari iliyokuwa ikitajirika kwa biashara ya watumwa, na huko akanunua msichana Mwafrika wa miaka 14 hivi ambaye hati ya mauzo inamtaja kwa jina la Venus. Alimlipia pauni 80. Hati hiyo ipo mpaka leo. Alipofariki mwaka 1758, orodha ya mali aliyoiacha ilimtaja mtoto wa kiume aitwaye Titus, katika fungu moja na mifugo. Huyu alikuwa mtu aliyeuchunguza moyo wake mwenyewe kwa ukali ambao wengi wetu tusingeuvumilia hata kwa siku moja, mtu aliyeorodhesha maazimio yake ya utakatifu tangu ujanani na kuyasoma upya kila juma. Taa aliyokuwa nayo ilikuwa kali, na ndani ya nyumba yake alikuwemo binti wa watu aliyeuzwa, naye hakuliona kuwa deni. Mimi ni mtoto wa upande huu wa dunia ambako misafara ya watumwa ilipita, na kila nisomapo juu ya mshale ulioelekezwa moyoni ninamfikiria Venus akiwa jikoni mwa mhubiri.

Hata hivyo habari haiishii hapo, na ndiyo sababu sikumtupa Edwards. Kijana mmoja aitwaye Samuel Hopkins, aliyemsikia akihubiri na kisha akaenda kuishi nyumbani kwake ili afundishwe, alikuja kuwa mchungaji mwaka 1770 katika mji wa Newport, mji ule ule. Aliziona merikebu. Aliwaona washirika wake waliokula na kusomesha watoto kwa fedha ya biashara hiyo, akawaambia waziwazi kwamba ghadhabu ya Mungu iko juu yao kwa ajili ya watu hao. Mwaka 1791 mwana wa Edwards, aliyeitwa Jonathan kama baba yake, alihubiri huko New Haven dhidi ya biashara ya watumwa na utumwa wa Waafrika, akaita kitendo hicho dhambi isiyo na kificho. Moto ulikuwa ule ule uliowashwa na baba. Ulichukua nusu karne kufika kwenye jina la dhambi iliyokuwa sebuleni.

Sasa nije kwetu. Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda na aliyekuwa amechoka rohoni, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ile ile. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na hasa kutoka Gahini, ulianza Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao watu wake Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, baada ya kulihubiria kanisa la Uganda neno moja: "Zukuka", amka. Mwaka 1941, miaka 200 kamili baada ya Enfield, wanafunzi 26 walifukuzwa pamoja na William Nagenda kutoka chuo cha theolojia cha Mukono, kwa kuwa hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na kuzikemea dhambi walizoziona ndani ya chuo chenyewe. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1930, Uamsho ulikuwa umekwisha kuingia Tanganyika kupitia pande za ziwa, ukaenea Bukoba, na huko ukamlea pia Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Ndugu wa Uamsho walihubiri hukumu bila kumung'unya maneno. Lakini walikuwa na desturi moja iliyoyapa mahubiri yao uzito wa pekee: walianza kwa kujitaja. Waliiita kutembea nuruni. Mtu alisimama akasema niliiba jembe la fulani, nilimdanganya mwajiri wangu, nilimchukia mmishenari huyu aliyeketi hapa. Kisha alikwenda kulirudisha jembe. Wamishenari wengine waliliona jambo hilo kuwa la aibu, na ni kweli kwamba kuungama hadharani kulizidi mipaka mara nyingine na kuumiza watu wasiohusika. Hata hivyo mwenye nyumba aliyeamka asubuhi na kukuta jembe lake limerudi mlangoni hakuhitaji kuelezwa nini maana ya toba.

Babu yangu mzaa baba alikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika cha kahawa upande wa Muleba, miaka ya mwanzo ya 1950. Wakulima walileta kahawa ya maganda katika magunia, gunia likatundikwa kwenye mizani, naye akasoma uzito na kuuandika. Njia ya kupunja ilikuwa rahisi: karani alisimama karibu na gunia kana kwamba analituliza lisibembee, na goti lake likaliinua kidogo kwa chini. Kilo mbili, kilo tatu. Mkulima aliyesimama upande wa pili aliona mshale wa mizani tu. Mwisho wa siku uzito uliozidi uliandikwa kwa jina la mtu asiyekuwepo, na fedha zake zikaenda kwa babu.

Mwaka 1954 babu alikwenda kwenye mkutano wa ndugu kwa ajili ya kumridhisha bibi, ambaye alikuwa ameokoka mwaka uliotangulia. Aliyehubiri alikuwa mkulima asiye na kola ya uchungaji. Alisoma habari za hukumu katika kitabu cha Amosi, mahali nabii anapowakemea wanaodanganya watu kwa mizani ya udanganyifu, kisha akafunga Biblia na kusema kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa karani wa mizani. Akaeleza jinsi alivyofanya. Bibi alinisimulia maneno aliyoyasema baada ya hapo, na aliyasimulia kila mara kwa namna ile ile: "Goti hilo hilo unalolipiga mbele za Bwana ndilo unaloliinulia gunia la mjane. Bwana ataliuliza goti lako."

Babu hakulia, wala hakuanguka. Bibi alisema alikaa kimya mpaka watu wakaondoka, na njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea akiwa mbele bila kuongea. Usiku ule aliwasha kibatari, akachukua daftari la mistari, na kuanza kuandika majina. Iliwachukua siku nne, yeye akikumbuka misimu na bibi akimkumbusha nani aliuza lini. Walifika kilo 412. Jumatatu alikwenda kwa mwenyekiti wa chama akaungama, akafukuzwa kazi papo hapo. Kisha alifungua Luka 19, akasoma jinsi Zakayo alivyoahidi kurudisha mara nne, na akaandika chini ya jumla yake: 1,648. Mtu asiye na mshahara, mwenye kibanja kidogo cha migomba na mibuni, na watoto sita.

Daftari hilo ninalo. Limeliwa na mende kwenye kingo, na kila jina lina alama za penseli zilizotiwa msimu hadi msimu, kilo 5, kilo 8, wakati mwingine kilo 1. Pembeni mwa baadhi ya majina ameandika "amefariki, apewe mkewe" au "amehamia Karagwe". Nikilishika daftari hilo ndipo ninapolielewa tamko la Yohana Mbatizaji, ambaye watu humkumbuka kwa ukali wake tu, kwamba aliwaita uzao wa nyoka na kuwauliza ni nani aliyewaonya waikimbie hasira itakayokuja. Katika Luka 3 makutano yanamuuliza, "Tufanye nini basi?" Majibu yake yanafuata kazi za watu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, nao watosheke na mishahara yao. Kila kundi liliondoka mtoni likijua mkono wake umekosea wapi.

Sitaki kuusifu Uamsho kupita kiasi, kwa sababu nchi ulikoanzia ni Rwanda, na mwaka 1994 watu waliokimbilia makanisani huko Ntarama, Nyamata na Nyarubuye waliuawa humo humo ndani. Wako ndugu waliouawa wakiwakinga wenzao, na heshima yao haiwezi kufutwa. Lakini najiuliza ni mara ngapi, katika miaka 60 ya kuhubiri juu ya pombe, uzinzi na wizi, wahubiri wa eneo letu lote waliitaja dhambi ya kumhesabu jirani kwa kabila lake kwa uwazi ule ule walioutumia kulitaja goti la karani. Kenya iliyajua hayo baada ya uchaguzi wa 2007, kanisa lilipochomwa huko Kiambaa pamoja na watu waliojificha ndani. Chuki ya namna hiyo haianzi siku ya mapanga. Huwa imekaa katika viti vya kanisa kwa miaka mingi, imeitikia "Amina", na hakuna aliyeiita kwa jina lake.

Kwa hiyo nikipita stendi leo na kumkuta kijana mwenye kipaza sauti na betri akiwatangazia abiria moto wa milele, sipiti kwa haraka kama zamani. Ninasimama nisikie atataja nini. Mara nyingi ni mavazi, na mara nyingi ni ya wanawake. Ningependa siku moja nimsikie akisema juu ya wenye magari wanaowalaza madereva wao njaa, juu ya rushwa inayodaiwa katika kaunta fulani kabla ya mgonjwa kuonwa, juu ya mwalimu na mwanafunzi wake wa kike, juu ya shamba la yatima lililouzwa na baba yake mdogo. Na kabla ya hayo yote nimsikie akisema la kwake mwenyewe. Nadhani stendi ingenyamaza. Ghadhabu ya Mungu inatisha zaidi inapokuwa na anwani, na mtoto wa miaka tisa aliyeketi hapo asingelazimika kuibeba hofu isiyo yake.

Babu aliitwa mara nyingi kuhubiri katika ushirika wa ndugu, na likizo nilizopelekwa kwake nilimsikia. Hakuwahi kufungua Biblia kwanza. Alisimama, akasema "Bwana asifiwe", akataja jina lake, kisha akasema: "Niliiba kilo 412 za kahawa kwa goti hili. Yesu amenisamehe. Zilizobaki kulipa ni kilo 200." Likizo iliyofuata zilikuwa 170. Sisi wajukuu tuliijua namba hiyo kama tulivyoijua umri wetu, na baada ya kuitaja ndipo aliposoma habari za hukumu, kwa sauti ya chini, bila mtu yeyote kuficha macho. Alipofariki mwaka 1993 zilikuwa zimebaki kilo 36, za watu watatu. Baba alizilipa msimu uliofuata, akatia alama ya penseli.